Sura ya Tano: Dhahabu ya Kurudishwa

Mwanzoni mwa mwaka 1394 bunge la Uingereza lilikutana, na mmoja wa makabaila wakubwa wa nchi, Richard Fitzalan, Earl wa Arundel, akasimama kumlaumu mfalme mbele ya watu. Lawama zake zilikuwa kadhaa. Moja ilihusu shingo ya mfalme. Richard II alikuwa akionekana hadharani na mkufu wa baba yake mdogo, John of Gaunt, mtawala wa Lancaster, na watumishi wa mfalme nao walikuwa wameanza kuuvaa. Arundel hakuliona jambo hilo kuwa la mapambo. Mkufu wa Gaunt huvaliwa na watu wa Gaunt. Mfalme naye akiuvaa, nani sasa ni mtu wa nani?

Richard alijibu kwamba Gaunt aliporejea kutoka Hispania, yeye mwenyewe aliuvua mkufu ule shingoni mwa mzee wake na kujivika, uwe ishara ya upendo baina yao. Arundel akalazimika kuomba radhi. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1397, alishtakiwa kwa uhaini, na aliyekalia kiti cha kusimamia kesi na kumtamkia hukumu ya kifo alikuwa Gaunt. Alikatwa kichwa siku hiyohiyo. Ilipopita miaka miwili mingine, mtoto wa Gaunt, Henry, alimwondoa Richard katika enzi, akajitwalia taji, na mkufu wa baba yake ukawa mkufu wa ufalme mzima.

Tumezoea kuwaona manaiti, wale wapiganaji wa farasi wa Ulaya ya kale, katika filamu na katika vitabu vya watoto wakiwa na mikufu mizito mabegani, na macho yetu hukimbilia dhahabu. Watu wa zama zile waliangalia kwanza aliyevika. Mkufu ulisema uko chini ya nani, unakula kwa nani, na siku ya vita utasimama upande gani. Thamani ya sonara ilikuja baadaye. Katika sura hii nataka tuisome mikufu hiyo kama walivyoisoma wao, kwa sababu asiyejua kuisoma ataziona picha nyingi za Ulaya ya kale na makaburi mengi ya mawe kuwa urembo mtupu, ilhali pale pana siasa ya damu.

Desturi yenyewe ni ya kale kuliko manaiti. Msomaji wa Biblia anamkumbuka Yusufu, aliyetolewa gerezani akavikwa na Farao pete, mavazi ya kitani safi na mkufu wa dhahabu shingoni, na anamkumbuka Danieli mbele ya Belshaza. Wamisri kweli waliwatunuku watumishi wao hodari mikufu ya dhahabu, na michoro ya makaburini mwao inaonyesha tukio hilo. Warumi waliwapa askari wao shujaa pete za shingoni za aina waliyokuwa wakiiteka kwa maadui. Ila Ulaya ya karne ya 14 iliongeza kitu chake. Makabaila walianza kugawa sare: kitambaa cha rangi fulani, beji, na kwa wale wa karibu zaidi, mkufu. Ukitaka kuielewa nguvu ya jambo hilo, fikiria harusi ambamo upande wa bwana arusi umeshona kitenge kimoja, na kila anayeingia ukumbini anajulikana ni wa nani kabla hajafungua kinywa. Kisha fikiria kwamba watu hao wana mapanga, na kwamba sare haivuliwi sherehe ikiisha.

Bunge lililiona hatari hiyo. Malalamiko yalikuwa kwamba wenye sare za wakubwa walitisha mashahidi, walipora mashamba, na hakimu wa kijijini hakuthubutu kuwagusa. Kwa hiyo Henry IV, alipokwisha kutwaa kiti, alikubali sheria ya kubana ugawaji wa sare. Mkufu wake ulibaki, lakini ukapewa masharti: watoto wa mfalme na makabaila wakubwa waliruhusiwa kuuvaa popote, mfalme awepo asiwepo, manaiti wa kawaida na walio chini yao waliruhusiwa kuuvaa mbele ya mfalme tu. Hebu tulitafakari sharti hilo. Mtu anamiliki mkufu, umo sandukuni mwake, lakini haki ya kuuvaa inatokea mfalme anapoingia chumbani na kupotea anapotoka. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuitwa mali yake kwa ukamilifu.

Mkufu huo wa Lancaster ni wa kipekee kwa umbo. Ni mfululizo wa herufi S, moja baada ya nyingine, kuzunguka shingo hadi kifuani, ambako ncha mbili hukutana kwa bizimu na pete ya kuning'inizia beji. Mara nyingi haukuwa mnyororo kwa maana ya pete zilizofungana. Herufi za fedha, au za fedha iliyopakwa dhahabu, zilishonewa juu ya utepe wa hariri au ukanda wa ngozi, na utepe ule ndio uliobeba uzito. S hiyo husimamia nini? Wengine husema ni neno la Kifaransa la kukumbuka, wengine husema ni neno la mamlaka ya mfalme, na wengine huvuta jina la mtakatifu. Mimi naona hoja ya kukumbuka ina uzito zaidi, maana familia ya Lancaster ilipenda misemo ya kumbukumbu, lakini si jambo la kugombania. Walioivaa walitambulika bila kueleza.

Mmoja wa walioivaa hakuwa mpiganaji. Mwaka 1393, Henry akiwa bado kijana wa Gaunt na hajawa mfalme, alimpa mkufu mshairi John Gower, rafiki wa Geoffrey Chaucer. Tunajua kwa sababu karani wa hesabu wa nyumba ya Henry aliandika. Gower alifariki mwaka 1408 na kuzikwa London, ng'ambo ya mto, katika kanisa ambalo leo ni Kanisa Kuu la Southwark. Sanamu yake imelala juu ya kaburi, kichwa kimeegemea vitabu vyake vitatu, na shingoni kuna ule mkufu wa S, una beji ya bata-maji, alama nyingine ya Henry. Mshairi alichagua vitu vya kwenda navyo kwenye umilele: kazi zake, na jina la bwana wake.

Beji za aina hiyo ni chache sana zilizosalia, kwa kuwa dhahabu na fedha huyeyushwa. Mwaka 1965 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta moja Dunstable, kaskazini ya London, palipokuwa na nyumba ya watawa wa Kidominiko. Ni bata-maji mdogo wa dhahabu aliyefunikwa kwa weupe, na shingoni mwake ana kijitaji chenye mnyororo. Weupe ule ni kioo kilichosagwa, kikapakwa juu ya dhahabu iliyokwaruzwa ili kishike, kisha kikachomwa tanuruni mpaka kikayeyuka na kuganda kama ngozi. Sonara akizidisha moto kidogo, dhahabu ya ndani inalegea na kazi yote inaharibika. Yupo leo katika Jumba la Makumbusho la British, London, na ni mdogo kiasi cha kukaa kiganjani.

Makaburi basi ndiyo yaliyotutunzia kumbukumbu. Wachongaji wa Uingereza ya kati walitumia alabasta, jiwe jeupe laini linalochimbwa Derbyshire na wilaya jirani, na walichonga mikufu kwa uangalifu uleule waliochongea uso. Kisha waliipaka rangi na dhahabu, ambayo sasa imebanduka karibu yote. Mwaka 1461 ukoo wa York ulipoupindua ukoo wa Lancaster, S zikatoweka shingoni mwa sanamu mpya, na mahali pake pakaingia mkufu wa majua na mawaridi. Jua lilitokana na vita vya Mortimer's Cross, Februari mwaka huo, ambako askari wa kijana Edward wa York waliona asubuhi majua matatu angani, mazingaombwe yanayotokea mwanga unapopita katika chembe za barafu. Waliogopa, Edward akawaambia ni ishara njema, wakashinda, na jua likawa lake.

Katika kanisa la kijiji cha Norbury, Derbyshire, amelala Ralph Fitzherbert, aliyefariki mwaka 1483. Ana mkufu wa majua na mawaridi, na chini yake ananing'inia nguruwe mwitu mdogo. Nguruwe mwitu alikuwa beji ya Richard III, aliyetawala miaka miwili tu, kutoka Juni 1483 hadi alipouawa vitani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuonekana na mnyama huyo. Sanamu ya Fitzherbert ndiyo pekee inayojulikana iliyobaki na mkufu wenye nguruwe huyo wa Richard, na familia yake haikumfuta. Uwanja wenyewe wa Bosworth ulikuwa umebishaniwa kwa miaka mingi mpaka wapekuzi wenye vyombo vya kunusa madini walipookota shambani nguruwe mwitu mdogo wa fedha iliyopakwa dhahabu, mwaka 2009. Mmoja wa watu wa mfalme aliivaa beji ile siku ile. Kipande cha sentimita chache kikasaidia kuonyesha mfalme wa Uingereza alipofia.

Hadi hapa nimesema juu ya mikufu ya bwana na watu wake. Kuna aina ya pili, na hii ndiyo iliyofikia kilele cha jambo lote: mkufu wa udugu wa manaiti, ambamo bwana anaapa pamoja na walioapa kwake.

Tarehe 10 Januari 1430, mjini Bruges, katika sherehe za kumwoa Isabella wa Ureno, Duke Philip wa Burgundia alitangaza Udugu wa Ngozi ya Dhahabu. Jina lilitoka katika hadithi ya Kigiriki ya Jason na kondoo dume mwenye manyoya ya dhahabu. Philip alikuwa mmoja wa watawala matajiri kuliko wote Ulaya, mwenye miji ya nguo na biashara, Bruges na Ghent zikiwemo. Waingereza walikuwa wamemchagua kuingia katika udugu wao wa Garter, akakataa, kwani kukubali kungemfunga kwa mfalme wa Uingereza. Akaanzisha wake. Sonara wa Bruges, Jean Peutin, alitengeneza mikufu 25: mmoja wa Duke na 24 ya wenzake.

Kila kiungo kina umbo la chuma cha kuwashia moto, kile kipande kilichopinda ambacho watu waligongea jiwe la gumegume kabla ya viberiti. Kimepinda hivi kwamba ukikitazama unaona herufi B, ya Burgundia. Kati ya chuma na chuma kuna jiwe la gumegume lenye rangi ya kioo, linatoa cheche. Na chini kabisa kaning'inia kondoo wa dhahabu, amefungwa katikati ya tumbo, kichwa upande huu na miguu upande ule, amelegea kama aliyechinjwa. Jan van Eyck aliuchora mkufu huo shingoni mwa Baudouin de Lannoy, mmoja wa wale 24 wa kwanza, na picha ipo Berlin. Nenda kaitazame hata katika intaneti. Uso wa de Lannoy ni mkavu na umechoka, joho lake ni zito, na mkufu umelala juu ya manyoya ya joho kama kitu cha kila siku.

Na kweli kilikuwa cha kila siku. Kanuni za udugu ziliamuru naiti auvae mkufu wake daima, hadharani. Akionekana siku moja bila mkufu, alilipa sarafu nne kwa ajili ya misa na nyingine nne kwa maskini. Safari ndefu, ugonjwa na vita vilikuwa na ruhusa yake. Chini ya silaha aliweza kuvaa kondoo peke yake. Mkufu haukuruhusiwa kuuzwa, kuwekwa rehani wala kubadilishwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuongezea kito hata kimoja, ili tajiri asimpite mwenzake kwa kung'aa. Naiti akifa, warithi walikuwa na miezi mitatu ya kuurudisha. Mkufu ulikuwa wa udugu. Mwanadamu aliazimwa.

Hapa ndipo ninapoona uzuri wa kanuni zile, na nasema hivyo nikijua vizuri kwamba walioziandika walikuwa mabwana waliotoza kodi kali na kuchoma vijiji vya wenzao. Kwa kila mkutano mkuu wa udugu, kila naiti alitoka nje ya chumba kwa zamu, na waliobaki ndani walizungumza juu ya mwenendo wake: je, amepigana vema, je, ametenda haki, je, anaishi kwa heshima? Kisha aliitwa akaambiwa. Zamu ya Duke ilifika pia. Mwaka 1468 mjini Bruges, Charles, mtoto wa Philip na mtawala mpya, aliambiwa na manaiti wake kwamba anawasemea watumishi kwa ukali, kwamba hupandwa na hasira anapowataja watawala wengine, na kwamba anajichosha kupita kiasi. Aliwasikiliza. Hakubadilika sana, na Januari 1477 aliuawa akipigana mbele ya mji wa Nancy, na Burgundia ikasambaratika, lakini aliwasikiliza. Ngao za manaiti wa mkutano ule, zilizochorwa juu ya mbao, bado zimo katika Kanisa la Mama Yetu pale Bruges.

Na mkufu ulivuliwa kweli. Jean de Neufchâtel, bwana wa Montaigu, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuvaa. Miezi michache tu baadaye, Juni 1430, alikimbia katika vita vya Anthon. Mkutano mkuu wa kwanza, uliofanyika Lille mwaka 1431, ulimtoa katika udugu, kwa kuwa kanuni zilitaja makosa matatu yasiyosameheka: kuasi dini, uhaini, na kukimbia vitani baada ya bendera kufunuliwa.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kuujua udugu huu. Isabella, bibi arusi wa siku ile, alikuwa dada yake Henrique wa Ureno, yule aliyetuma merikebu kushuka pwani ya Afrika magharibi na kufungua njia ambayo Vasco da Gama aliifuata hadi Mombasa na Malindi mwaka 1498. Baadaye ukuu wa udugu ulirithiwa na wafalme wa Hispania. Philip II, ambaye utawala wake ulianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, wakati Ureno ilipokuwa chini yake, alikuwa ndiye mkuu wa Udugu wa Ngozi ya Dhahabu, na katika picha zake nyingi yule kondoo yuko kifuani. Yeye pia ndiye aliyeuitisha mkutano mkuu wa mwisho, Ghent mwaka 1559. Tangu hapo hakukuwa tena na chumba cha kumtolea mfalme makosa yake. Wafalme walijiteulia manaiti wenyewe, na mkufu ukabaki bila ile kazi iliyoupa maana.

Wafaransa walijibu kwa mkufu wao. Louis XI, adui mkubwa wa Charles wa Burgundia, alianzisha Udugu wa Mtakatifu Mikaeli tarehe 1 Agosti 1469, kwa manaiti 36, wenye mkufu wa kombe za baharini zilizounganishwa kwa mafundo. Aliutuma mkufu huo kwa François, mtawala wa Brittany, akitaka kumvuta karibu. François aliukataa. Alielewa vizuri kwamba akiinamisha kichwa kuvikwa, hatakiinua tena akiwa mtawala anayejitegemea. Miaka mia moja baadaye, katika vita vya dini, wafalme waliokosa fedha waliugawa mkufu huo ovyo kununua wafuasi, mpaka watu wakauita mkufu wa kila mnyama. Mwaka 1578 Henri III alilazimika kuanzisha udugu mwingine, wa Roho Mtakatifu, ili apate kitu ambacho watu wangekitamani.

Tamaa hiyo haikufa pamoja na farasi na mikuki. Savoy, nchi iliyokuwa milimani kati ya Ufaransa na Italia, ilikuwa tangu karne ya 14 na udugu ulioitwa hivyohivyo, Udugu wa Mkufu, ambao baadaye ulipewa jina la Kupashwa Habari Maria, Annunziata. Watawala wa Savoy walipokuwa wafalme wa Italia, aliyevikwa mkufu huo alihesabiwa kuwa binamu wa mfalme. Mei 1939, Berlin, Italia na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa kijeshi, waziri wa mambo ya nje wa Italia, Galeazzo Ciano, alimvika waziri mwenzake wa Ujerumani, Joachim von Ribbentrop, mkufu huo. Ciano aliandika katika shajara yake kwamba Hermann Göring alipouona shingoni mwa mwenzake, machozi yalimlenga. Alikuwa mkuu wa jeshi la anga la taifa lililokuwa likijiandaa kuiteketeza Ulaya, na alilia kwa ajili ya mkufu. Naye alipewa wake mwaka uliofuata. Benito Mussolini, mkuu wa serikali ya Italia, alikuwa nao tangu 1924. Julai 1943 mfalme alimfukuza kazi, na alipotoka tu katika makazi ya mfalme akatiwa mbaroni. Ubinamu wa mkufu haukumsaidia.

Udugu wa Uingereza, Garter, ulianzishwa na Edward III mwaka 1348, na jambo la ajabu ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja haukuwa na mkufu. Alama yake ilikuwa ukanda wa bluu uliofungwa chini ya goti. Henry VII na mtoto wake Henry VIII ndio walioongeza mkufu, na naamini walifanya hivyo kwa sababu ya Burgundia: ukisimama karibu na mtu aliyevaa kondoo wa dhahabu, ukanda wa gotini hauonekani. Mkufu wa Garter una uzito uliowekwa wa wakia 30 za sonara, karibu kilo moja. Umeundwa kwa kanda 26 za goti, kila moja ikizunguka waridi jekundu, na katikati yake mafundo ya dhahabu. Chini yake yuko Mtakatifu George juu ya farasi akimchoma joka. Haukai shingoni kama mkufu wa bibi arusi. Unalazwa mabegani juu ya joho na kufungwa kwa tepe nyeupe, la sivyo ungeteleza mgongoni. Kuna siku maalumu za kuuvaa, na desturi ni kwamba hauvaliwi jua likishazama. Naiti akifa, unarudishwa. Miongoni mwa wageni waliowahi kuvikwa ni Haile Selassie wa Ethiopia, mwaka 1954.

Nao ule mkufu wa S wa Lancaster? Henry VII, mshindi wa Bosworth, aliurudisha, akauchanganyia mawaridi ya Tudor na lango la chuma la ngome, alama ya ukoo wa mama yake. Hans Holbein aliuchora mwaka 1527 shingoni mwa Thomas More, na picha hiyo ipo New York, katika mkusanyo wa Frick. Ukizikaribia S zile unaona jinsi Holbein alivyomfuata sonara kipande kwa kipande. More aliuvaa mkufu wa Henry VIII. Mwaka 1535 mfalme huyohuyo alimkata kichwa kwa kukataa kuapa alivyotakiwa. Kila ninapoiona picha hiyo nauona kwanza mkufu, kisha shingo.

Halafu mkufu ulihama kutoka kwa wapiganaji. Sir John Alleyn, aliyekuwa meya wa London mara mbili, aliacha katika wosia wake miaka ya 1540 mkufu wake wa S, uvaliwe na kila meya atakayemfuata, na mameya wa London wanauvaa hadi leo. Jaji Mkuu wa Uingereza ana wake, na wapiga mbiu wa mfalme pia. Karne ya 19, miji ya viwanda ya Uingereza ilipopata halmashauri zake, kila mji ulitaka meya wake awe na mkufu, na kutoka huko desturi ikasafiri na utawala wa kikoloni. Ndiyo maana meya wa jiji katika Afrika Mashariki huvaa joho na mkufu, na Kampala ikawa na cheo cha Lord Mayor kama London. Nairobi ilikuwa na mameya wake hadi mfumo wa kaunti ulipoanza mwaka 2013. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtunzi wa mashairi na mwalimu wa kanuni za kutunga, alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, aliingia katika cheo ambacho desturi zake za mavazi zina ukoo mmoja na ule mkufu wa mshairi Gower. Mkufu wa meya unalinda jambo moja la zamani kwa uaminifu: muda ukiisha, anauvua na kumwachia mwingine.

Kuna mahali pengine ambapo mikufu ya manaiti iko hai, na wanaokwenda huko huwa hawafuati dhahabu hata kidogo. Mei 1966, Berkeley, California, kikundi cha marafiki wapenda historia kilifanya mashindano ya mapanga nyuma ya nyumba, wamevaa mavazi ya kale. Kikazaa chama kinachoitwa Society for Creative Anachronism, ambacho leo kina wanachama katika nchi nyingi, wamejigawa katika falme. Kila mwaka wanakutana Pennsylvania katika mkutano wao mkubwa, Pennsic, watu zaidi ya 10,000, wakiishi katika mahema. Wanapigana kwa silaha kamili za mwilini na panga za henzirani, mti unaoumiza bila kukata. Mfalme hupatikana kwa kushinda mashindano, na hutawala miezi michache tu, kisha humpisha mwingine.

Naiti wa huko anatambulika kwa vitu vitatu: mkanda mweupe, vichokoo vya farasi visiginoni, na mkufu wa pete zilizo wazi, usio na kidani chochote. Wale wenye kujali historia ya karne ya 15 wana hamu pia ya mikufu ya S na ya majua, na wapo wanaomimina herufi za madini wenyewe na kuzishonea kwenye utepe kama alivyofanya sonara wa zamani. Hilo ni jema, na ningependa waigizaji wengi zaidi wafanye hivyo badala ya kuvaa mnyororo wa meya wa karne ya 19 juu ya kanzu ya karne ya 14, kosa ninaloliona katika picha nyingi. Lakini ule mkufu wa pete tupu ndio unaonigusa. Katika chama hicho unasimama kwa ajili ya kiapo. Naiti mpya hupiga magoti, huweka mikono yake iliyounganishwa ndani ya mikono ya mfalme, na kuapa. Na mfalme naye humwapia. Ufalme ukibadilika, manaiti huapa upya kwa mfalme mpya, hata kama mfalme huyo mwezi uliopita alikuwa mtu waliyekuwa wakishindana naye uwanjani. Mikufu mingi hupita kutoka kwa naiti mzee kwenda kwa kijana aliyemfundisha, na anayepokea huambiwa majina ya walioivaa kabla yake.

Na kwa kuwa mkufu ni kiapo, wameweka nafasi kwa asiyetaka kuapa. Mpiganaji aliyefikia ustadi na heshima inayotakiwa, lakini ambaye dhamiri yake, dini yake au hiari yake haimruhusu kujifunga kwa mfalme yeyote, hupewa cheo cha bwana wa silaha. Ni sawa na naiti kwa daraja, anakaa nao katika baraza moja, anapiga kura ya ushauri pamoja nao. Anavaa ukanda mweupe uliokatiza kifua kutoka bega hadi nyonga, na shingoni havai kitu.